Damu Inayolisha Misuli ya Kutafunia: Njia Zake na Onyo la Maumivu ya Taya

Utangulizi

Mtu anapotafuna kipande cha muwa au nyama ya kuchoma, mara chache hukumbuka kwamba kazi hiyo inahitaji damu. Taya hufunguka na kufunga, chakula husagika, na mlo huisha bila usumbufu. Hata hivyo, yapo maumivu ya taya yanayoanza muda mfupi baada ya kuanza kula, yakazidi kadiri mtu anavyotafuna, yakamlazimu asitishe mlo, kisha yakapoa mara anapopumzika. Mgonjwa wa namna hiyo kwa kawaida hudhani kwamba tatizo ni jino. Asipoulizwa maswali yanayofaa, huenda akang'olewa jino lisilo na kosa na kurudi nyumbani akiwa na maumivu yaleyale.

Kwa mtu aliyevuka umri wa miaka 50, maumivu hayo yanaweza kuwa onyo kwamba ateri za kichwa zinazibika, na kwamba macho yake yamo hatarini. Onyo hilo haliwezi kueleweka bila kujua damu inaifikiaje misuli ya taya. Makala haya yanaeleza njia za damu hiyo hatua kwa hatua, kisha yanaonyesha jinsi maarifa hayo yanavyomsaidia mhudumu wa afya kutambua hatari, na jinsi yanavyomlinda mgonjwa katika kiti cha tiba ya meno na katika chumba cha upasuaji.

Misuli minne ya kutafunia

Kila upande wa uso una misuli minne inayohesabiwa kuwa misuli ya kutafunia. Yote hupokea amri kutoka neva moja, yaani tawi la taya la chini la neva ya trijemina.

Wa kwanza ni maseta. Huu ndio msuli unaotuna shavuni mtu anapokaza meno. Huanzia kwenye tao la mfupa wa shavu na kushuka hadi upande wa nje wa pembe ya taya la chini. Kazi yake kubwa ni kuliinua taya na kulikaza.

Wa pili ni msuli wa panja, unaoitwa pia temporalisi. Umetandazwa kama kipepeo cha ukili juu ya upande wa fuvu. Nyuzi zake hukusanyika zikielekea chini, hupita nyuma ya tao la mfupa wa shavu, na kushikamana na ncha ya mbele ya taya la chini kwa kano imara. Huliinua taya, na nyuzi zake za nyuma hulirudisha taya nyuma.

Wa tatu ni terigoidi ya ndani. Umelala upande wa ndani wa pembe ya taya, ukikabiliana na maseta iliyo nje. Misuli hii miwili hulishika taya mithili ya kombeo lililopita pande zote mbili za mfupa, na huliinua kwa pamoja.

Wa nne ni terigoidi ya nje. Huu ni mfupi, una vichwa viwili, na nyuzi zake zimelala karibu usawa, kutoka chini ya fuvu kwenda kwenye shingo ya taya na kisahani cha kiungo chake. Hulivuta taya mbele na kusaidia kinywa kufunguka. Msuli huu ni mdogo kuliko maseta na temporalisi, lakini kwa mtu anayejifunza ateri una thamani ya pekee, kwa kuwa ndio alama inayotumika kuigawa ateri kuu ya eneo hili katika sehemu zake.

Safari kutoka moyoni

Damu yenye oksijeni hutoka katika ventrikali ya kushoto ya moyo na kuingia katika aota. Kwenye tao la aota hutokea mishipa mikubwa inayopanda shingoni. Ateri karotidi ya pamoja ya kushoto hutoka moja kwa moja kwenye tao hilo. Ile ya kulia hutokana na shina fupi linaloigawia damu mkono wa kulia pia. Kila moja hupanda kando ya koo, na ndiyo ateri inayohisiwa mhudumu anapopima mapigo shingoni.

Karibu na usawa wa ukingo wa juu wa gegedu la kikoromeo, karotidi ya pamoja hugawanyika. Karotidi ya ndani huingia ndani ya fuvu bila kutoa tawi lolote shingoni; hulisha sehemu kubwa ya ubongo, na humo ndani hutoa ateri ya jicho. Karotidi ya nje hulisha uso, ngozi ya kichwa, ulimi, meno na misuli ya kutafunia. Mgawanyiko huu unafaa kukumbukwa: jicho na taya hulishwa na matawi mawili tofauti ya shina moja. Ugonjwa unaoshambulia ukuta wa ateri unaweza kuyapata matawi yote mawili.

Karotidi ya nje hupanda nyuma ya taya la chini na kuingia ndani ya tezi ya parotidi, tezi ileile ya mate inayovimba katika ugonjwa wa matubwitubwi. Humo, nyuma ya shingo ya taya, hukoma kwa kugawanyika katika matawi mawili. Moja hupanda mbele ya sikio kuelekea panjani. Hii ni ateri ya juujuu ya panja. Jingine huingia ndani, nyuma ya mfupa wa taya. Hii ni ateri ya maksila, mlishaji mkuu wa misuli ya kutafunia.

Msomaji anaweza kuzihisi mwenyewe ateri mbili za eneo hili. Akiweka ncha ya kidole mbele ya kinundu cha sikio, juu kidogo ya kiungo cha taya, atahisi mapigo ya ateri ya juujuu ya panja. Kisha akaze meno ili maseta itune, ateremshe kidole kwenye ukingo wake wa mbele hadi pale unapokutana na ukingo wa chini wa taya. Hapo atahisi mapigo ya ateri ya uso, tawi jingine la karotidi ya nje, ikivuka mfupa kuingia usoni.

Ateri ya maksila na sehemu zake tatu

Ateri ya maksila hupita katika bonde la chini ya panja, nafasi iliyo nyuma ya taya la chini na chini ya fuvu. Wanafunzi wengi huiogopa kwa sababu ya wingi wa matawi yake. Hofu hiyo hupungua mtu anapofahamu kwamba sehemu zake tatu zina kazi tatu zilizo wazi.

Sehemu ya kwanza hupita upande wa ndani wa shingo ya taya. Matawi yake huelekea kwenye matundu na mifupa: sikioni, ndani ya fuvu, na ndani ya taya la chini. Mawili ni muhimu zaidi. La kwanza ni ateri ya kati ya utando wa ubongo, inayopanda kupitia tundu dogo chini ya fuvu. Mfupa wa panja ukivunjika kwa pigo, kama katika ajali za pikipiki, ateri hii huweza kukatika na kuvujisha damu kati ya mfupa na utando wa ubongo. La pili ni ateri ya meno ya chini, inayoingia katika mfereji wa taya na kulisha meno yote ya upande huo.

Sehemu ya pili ndiyo sehemu ya misuli. Huambaa na kichwa cha chini cha terigoidi ya nje. Kwa baadhi ya watu hupita nje ya kichwa hicho, kwa wengine hupita ndani yake. Tofauti hii haionekani kwa macho wala haileti ugonjwa, lakini daktari mpasuaji hupaswa kuitarajia. Matawi ya sehemu hii hayaingii katika matundu ya mifupa. Yote huenda kwenye nyama. Nayo ni ateri ya maseta, ateri mbili za ndani za panja, yaani ya mbele na ya nyuma, matawi madogo ya misuli ya terigoidi, na ateri ya shavu. Hii ya mwisho hulisha hasa msuli wa shavu, ambao haumo katika ile misuli minne lakini hukisukuma chakula kirudi katikati ya meno.

Sehemu ya tatu hupenya ufa ulio nyuma ya taya la juu na kuingia katika bonde dogo la ndani. Matawi yake hurudia tabia ya sehemu ya kwanza: hupita katika matundu ya mifupa kwenda kwenye magego ya juu, kaakaa, pua, na ngozi iliyo chini ya jicho. Damu nyingi inayotoka pembe ya nyuma ya pua, ambayo ni vigumu kuizuia kwa kubana pua, mara nyingi hutoka katika tawi lake la mwisho.

Kanuni ya kukumbuka, basi, ni hii: sehemu ya kwanza na ya tatu ni za mifupa na matundu, sehemu ya kati ni ya misuli.

Kila msuli na walishaji wake

Hakuna hata mmoja kati ya misuli hii minne unaotegemea ateri moja tu.

Maseta hupata damu kutoka pande kadhaa. Ateri ya maseta hutoka ndani, hupita katika pengo lililo kati ya ncha mbili za juu za taya la chini pamoja na neva ya msuli huo, na kuingia kwa nyuma. Juu ya uso wa nje wa msuli hupita ateri ya kukingama ya uso, tawi la ateri ya juujuu ya panja, nayo huugawia damu. Ateri ya uso huchangia kwenye sehemu ya chini na ya mbele.

Msuli wa panja una walishaji watatu wakuu. Ateri mbili za ndani za panja hupanda kati ya msuli na mfupa wa fuvu, moja mbele na nyingine nyuma. Ya tatu ni ateri ya kati ya panja, inayotokana na ile ya juujuu na kutoboa utando mgumu unaoufunika msuli, juu kidogo ya tao la mfupa wa shavu. Kwa hiyo msuli huu hulishwa kwa ndani na matawi ya ateri ya maksila, na kwa nje na tawi la ateri ya juujuu ya panja.

Terigoidi ya nje na ya ndani hulishwa hasa na matawi madogo ya sehemu ya pili ya ateri ya maksila, yanayotofautiana kwa idadi kati ya mtu na mtu. Terigoidi ya ndani, kwa kuwa imeshuka karibu na pembe ya taya, hupata pia mchango wa matawi ya ateri ya uso.

Matawi haya huunganika ndani ya misuli na kutengeneza wavu. Tawi moja likizibika au likifungwa na mpasuaji, damu hupata njia kupitia jingine. Ndiyo sababu kidonda cha kawaida cha uso hakiui msuli wa kutafunia, na ndiyo sababu pia damu ya eneo hili ni ngumu kuizuia kwa kufunga ateri moja tu.

Damu ikishatumika hukusanywa na wavu mwingine, ule wa vena za terigoidi, uliozunguka misuli hiyo ndani ya bonde la chini ya panja. Wavu huu hupeleka damu nyingi kwenye vena iliyo nyuma ya taya, lakini pia umeunganika na vena za uso na, kupitia matundu ya chini ya fuvu, na hodhi la damu lililo ndani ya fuvu nyuma ya macho. Jipu la jino lililopuuzwa huweza kueneza maambukizi kwa njia hiyo. Homa kali, uvimbe wa macho na maumivu makali ya kichwa kwa mgonjwa mwenye jino bovu ni hali ya dharura.

Msuli unapokaza, damu hupitaje?

Msuli unaokaza huzibana ateri na vena zilizo ndani yake. Mtu akikaza meno kwa nguvu bila kuachia, damu inayopita katika maseta hupungua, na baada ya muda mfupi uchovu na maumivu huanza. Anapoachia, damu huingia kwa wingi kuliko kawaida, kana kwamba msuli unalipa deni.

Kutafuna kwa kawaida hakuleti tatizo hilo kwa sababu ni kazi ya mpigo: kukaza, kuachia, kukaza, kuachia. Katika kila nafasi ya kuachia, damu hupenya, huleta oksijeni na kuondoa taka za kazi. Ateri zenye afya hutanuka ili kukidhi mahitaji yanayoongezeka. Mtu mwenye ateri nzima huweza kutafuna muwa kwa muda mrefu. Atachoka, lakini hataumia kwa namna ya kumfanya aache kila baada ya dakika chache.

Hali hubadilika ateri zinapokuwa nyembamba. Msuli ukiwa umetulia, damu kidogo inayopita hutosha. Ukianza kazi, mahitaji hupanda lakini ateri haiwezi kuongeza kiasi. Msuli hukosa oksijeni, nao huuma. Mtu akipumzika, mahitaji hushuka na maumivu hutoweka. Mpangilio huu wa kazi, maumivu na nafuu ndio alama ya msuli usiopata damu ya kutosha, uwe wa mguu, wa moyo au wa taya.

Kuchechemea kwa taya

Madaktari hutumia neno linalotokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchechemea. Mwanzoni lilimhusu mgonjwa mwenye ateri finyu za mguu, anayechechemea baada ya kutembea na kupona akisimama. Taya nalo huweza kuchechemea: mgonjwa huanza mlo vizuri, kisha shavu au panja huuma, hupumzika, huendelea, kisha huuma tena.

Ugonjwa unaohusishwa zaidi na dalili hii ni ateritisi ya seli kubwa. Kinga ya mwili huushambulia ukuta wa ateri kubwa na za wastani, hasa matawi ya karotidi. Ukuta huvimba, njia ya damu hufinyika. Mwaka 1932, Bayard Horton na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waliueleza ugonjwa huu kwa wagonjwa waliokuwa na uvimbe wa ateri za panja. Karne nyingi kabla yao, Ali ibn Isa, tabibu wa macho wa Baghdad, aliandika juu ya kutibu mishipa ya panja kwa wagonjwa wenye maumivu ya kichwa na macho, na wanahistoria wa tiba huyataja maandishi yake kama dokezo la kale la uhusiano kati ya panja na upofu.

Ugonjwa huu huwapata watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na wanawake zaidi ya wanaume. Pamoja na maumivu ya kutafuna, mgonjwa huweza kuwa na maumivu mapya ya kichwa, panja linalouma likiguswa au nywele zinapochanwa, homa, kupungua uzito, na ukakamavu wa mabega na nyonga wakati wa asubuhi. Ateri ya panja huweza kuwa nene, ngumu kama kamba, au kukosa mapigo.

Hatari kubwa ni upofu. Ateri ndogo zinazolisha kichwa cha neva ya jicho zikiziba, jicho huacha kuona ghafla, kwa kawaida bila maumivu, na uoni huo mara nyingi haurudi. Bila tiba, jicho la pili huweza kufuata katika siku au wiki chache. Wakati mwingine jicho hutangulia kutoa ishara: giza la muda mfupi kama pazia lililoshushwa, au kuona vitu viwiliviwili. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ileile.

Tiba ni dawa za steroidi kwa dozi kubwa, kama prednisoloni, ambazo daktari huzianza mara tu anapokuwa na shaka ya kutosha, bila kungoja majibu ya vipimo vyote. Kipimo cha kasi ya kutua kwa chembe nyekundu za damu kinapatikana hata katika maabara nyingi za wilaya, na kwa kawaida kasi hiyo huwa juu sana. Uthibitisho hutokana na kukata kipande cha ateri ya juujuu ya panja na kukichunguza kwa hadubini, au kwa picha za mawimbi ya sauti. Kwa kuwa ugonjwa huruka baadhi ya maeneo ya ateri, kipande kinapaswa kuwa kirefu cha kutosha, na majibu safi hayaondoi shaka yote. Penye kifua kikuu, kisukari na shinikizo la damu, mgonjwa hufuatiliwa kwa karibu, kwani steroidi huweza kuyazidisha maradhi hayo. Lakini ufuatiliaji huo hauwi sababu ya kuchelewesha dozi ya kwanza pale uoni ulipo hatarini.

Kwa miaka mingi vitabu vimeutaja ugonjwa huu kuwa wa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini, ambako kweli umeonekana kwa wingi. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka hospitali ya Baltimore, Marekani, uliona kwamba viwango vya ugonjwa uliothibitishwa kwa kipande cha ateri havikutofautiana sana kati ya wagonjwa weusi na weupe. Kwa mhudumu wa Afrika Mashariki funzo ni jepesi: rangi ya mgonjwa haitoshi kuuondoa ugonjwa huu akilini.

Si kila maumivu ya taya ni ya damu

Swali la kwanza la kumwuliza mgonjwa ni hili: maumivu huletwa na nini, na huondolewa na nini?

Jino bovu huuma kwa maji ya baridi au chai ya moto, au linapogongwa, na mara nyingi humnyima mtu usingizi. Kiungo cha taya chenye hitilafu huuma mbele ya sikio, hutoa mlio, na humzuia mtu kufungua kinywa sawasawa. Misuli iliyochoka kwa kusaga meno usiku huuma zaidi mtu anapoamka. Maradhi ya neva ya trijemina huleta mshtuko mkali wa sekunde chache, hata kwa kuguswa tu usoni. Pepopunda huyafunga mataya kwa mkazo wa misuli, si kwa upungufu wa damu.

Maumivu mengine ya taya hutoka mbali zaidi. Mtu akiumwa taya anapopanda ngazi, kulima au kubeba ndoo ya maji, na akapata nafuu akisimama, hapo taya halijafanya kazi yoyote. Kilichofanya kazi ni moyo. Maumivu yanayokuja na mwendo wa mwili yachukuliwe kuwa ya moyo hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Yanayokuja na kutafuna, yakaisha kwa kupumzisha taya, yaelekeze fikra kwenye ateri za misuli ya kutafunia.

Katika kiti cha meno na chumba cha upasuaji

Anayechoma sindano ya ganzi kwa ajili ya magego ya juu huelekeza ncha yake nyuma ya taya la juu, karibu na ateri ya maksila, matawi yake na wavu wa vena za terigoidi. Ncha ikitoboa mshipa, shavu huvimba ndani ya dakika chache. Tabibu huvuta bomba nyuma kwanza ili kuona kama damu inaingia, na husukuma dawa polepole. Uvimbe ukitokea, hukandamiza na kuweka kitu cha baridi, kisha humweleza mgonjwa kwamba shavu litabadilika rangi kwa siku kadhaa kabla ya kupona. Katika ganzi ya meno ya chini, sindano ikipita ndani ya terigoidi ya ndani, damu huweza kuvia katika msuli huo na mgonjwa akashindwa kufungua kinywa vizuri kwa muda.

Mpasuaji wa kiungo cha taya naye hufanya kazi kandokando ya ateri hizi. Ateri ya maksila hupita karibu sana na upande wa ndani wa shingo ya taya, na ateri ya maseta hupita katika pengo lililo mbele yake. Ndiyo sababu huweka kinga ya chuma nyuma ya mfupa kabla ya kuukata.

Ateri hizohizo humpa pia nyenzo ya kutibu. Kwa kuwa ateri za ndani za panja huingia kutoka chini, msuli wa panja huweza kubanduliwa kwenye fuvu na kugeuzwa huku ukiendelea kupata damu kwenye shina lake. Hutumika kuziba tundu la kaakaa au la jicho baada ya uvimbe kuondolewa, na hutandikwa kati ya mifupa ya kiungo cha taya kilichogandamana, hali inayoweza kumpata mtoto aliyeanguka au aliyeugua maambukizi ya sikio. Kwa kuwa ateri hizo ni mbili, ya mbele na ya nyuma, mpasuaji anaweza hata kutumia nusu ya msuli na kuiacha nusu nyingine mahali pake.

Muhtasari

Misuli ya kutafunia hulishwa na matawi ya ateri karotidi ya nje, hasa sehemu ya pili ya ateri ya maksila, yakisaidiwa na ateri ya juujuu ya panja na ateri ya uso. Matawi hayo huunganika, hivyo msuli hauathiriki kwa urahisi tawi moja linapoziba. Ateri zikifinyika kwa ugonjwa, msuli huuma wakati wa kutafuna na kutulia wakati wa kupumzika. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 50 au zaidi, hasa mwenye maumivu mapya ya kichwa au mabadiliko ya kuona, dalili hiyo haingoji miadi ya wiki ijayo.

Maswali ya kujipima

1. Ni sehemu gani ya ateri ya maksila inayotoa matawi ya misuli, na msuli upi hutumika kama alama ya kuitambua?

2. Taja walishaji watatu wa msuli wa panja, na ueleze kila mmoja anatokana na ateri gani.

3. Kwa nini kukaza meno bila kuachia huleta maumivu mapema kuliko kutafuna?

4. Mwanamke mwenye umri wa miaka 68 anaumwa shavu kila anapokula nyama, na panja lake linauma anapochana nywele. Jana jicho la kulia liliingia giza kwa dakika mbili. Hatua ya kwanza ni ipi, na kwa nini kung'oa jino si jibu?

5. Mwanamume mwenye umri wa miaka 55 anaumwa taya anapopanda kilima, lakini hutafuna mahindi ya kuchoma bila taabu. Ni kiungo gani kinapaswa kuchunguzwa kwanza?